Ukitaka kubuni lugha, anza na sarufi

Wadau, wapo wanaodhani kubuni lugha ya kwenye sinema ni kukaa chini na kuandika orodha ya maneno ya ajabu ajabu. Hapana. Ukichukua Kiswahili ukabadilisha maneno tu, "mtoto" ukaita "zuki" na "maji" ukaita "blemo", bado unaongea Kiswahili, ila cha mafumbo. Watoto wa mitaani kwetu na Kinyume chao wanafanya hivyo kila siku.

Kazi yenyewe ni sarufi. Chukua Kiklingon, alichokitengeneza mtaalamu wa lugha Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya tatu ya Star Trek, mwaka 1984. Jamaa aliamua mtendwa atangulie, mtendaji aje mwisho. Sisi tunasema "ofisa anamwona mtoto". Wao: "puq legh yaS", yaani mtoto, anaona, ofisa. Na aliyeona ni ofisa! Mpangilio huo ni adimu sana duniani, ndiyo maana aliuchagua.

Paul Frommer naye, kwenye Kina'vi cha filamu ya Avatar (2009), alipasua kitenzi katikati. "Taron" ni winda. Wakati uliopita unachomeka -am- ndani: "tamaron". Ujao ni -ay-: "tayaron". Halafu Wana'vi wanahesabu kwa nane, sio kumi, maana wana vidole vinne kila mkono.

Sasa sikilizeni. Kiklingon "qalegh" ni "ninakuona". Kiambishi qa- kinabeba mimi na wewe kwa pamoja. Si mnaona? Ni-na-ku-ona! Vile viambishi tulivyochapwa viboko kwa kushindwa kuvichambua, wenzetu wanalipwa kuvibuni. Halafu mtu mzima anasimama anasema Kiswahili ni lugha maskini, hakifai kufundishia. Umaskini uko wapi hapo?

Kwa hiyo wewe unayeandika hadithi ya falme zako, kabla ya kutunga neno hata moja jiulize: nani anatangulia kwenye sentensi? Wakati unaonyeshwa wapi? Ngeli zinagawanywa kwa kigezo gani? Labda vinavyoelea na vinavyozama. Basi vinavyoelea vianze na lo-, na sifa na kitenzi vifuate, kama sisi tunavyosema "kitabu kizuri kimepotea". Ukishaamua, usivunje kanuni yako ovyo, wasomaji watakudaka.

Haya, nyie mngegawa ngeli kwa kigezo gani?