Uvimbe Usio na Ukingo

Mwaka 1928 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha taarifa ambayo hata leo ukiisoma unashtuka. Wagonjwa wake walikuwa na uvimbe uliozama katika nusu ya kulia ya ubongo, na upande wa kushoto wa mwili ulikuwa umekwisha kupooza. Dandy alijua kwamba kunyofoa uvimbe peke yake hakusaidii, kwa kuwa ulirudi kila mara. Basi akaondoa nusu nzima ya kulia ya ubongo. Walionusurika na kisu waliweza kuzungumza na kuwatambua watu wao. Hata hivyo uvimbe ulirudi.

Uvimbe wa jamii hiyo huitwa glioma, na ulio mkali kuliko wote ni glioblastoma. Si kila uvimbe wa kichwani uko hivi. Meninjioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi hutolewa yote ikaisha. Saratani nyingine hutoka kwenye pafu au titi na kusafiri kwa njia ya damu. Glioma huzaliwa humo humo ubongoni, kutokana na seli zinazozihudumia neva, na ndiyo maana hujua kupita katika ubongo kuliko saratani yoyote ngeni.

Picha ya MRI humdanganya anayeitazama kwa mara ya kwanza. Inaonyesha donge jeupe lenye ukingo unaoonekana wazi, na jamaa wa mgonjwa huuliza kwa haki kabisa: kwa nini wasilitoe? Weupe ule ni dawa ya kuonyesha iliyodungwa kwenye mshipa, ikavuja pale ambapo mishipa ya damu imeharibika. Seli nyingine zimekwenda mbali zaidi, zikifuata nyuzi za neva, hadi mahali ambapo mishipa bado ni mizima na dawa ile haivuji. Aliyewahi kulima shamba lenye ndago anaelewa: majani umeng'oa yote, viazi vyake viko chini.

Madaktari hawakukata tamaa na kisu. Huko Ujerumani walibuni njia ya kumnywesha mgonjwa dawa inayozifanya seli za uvimbe zing'ae rangi ya waridi chini ya mwanga wa buluu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, uvimbe unaoonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa waliofanyiwa hivyo, wakati kwa wale wa mwanga wa kawaida ilikuwa asilimia 36. Ni hatua kubwa, ila inahusu uvimbe unaoonekana tu.

Seli zile zisizoonekana zinafanya nini? Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umekuwa mtamu, na wa kutisha kidogo. Mtafiti Frank Winkler na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitengeneza dirisha dogo katika mafuvu ya panya, wakazitazama seli za glioma zikiishi kwa wiki na miezi. Mwaka 2015 walieleza kwamba seli hizo hutoa mirija mirefu myembamba, zikaunganika kwa mirija hiyo na kuwa mtandao. Ukiiua seli moja kwa leza, nyingine hujaza nafasi yake. Seli zilizomo mtandaoni zilihimili mionzi kuliko zilizo peke yake.

Miaka minne baadaye, kundi la Heidelberg na lile la Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jambo ambalo wengi wangelikataa kabla ya kuona picha: niuroni, yaani seli zenyewe za kufikiri na kuamuru mwili, hufanya sinapsi (maungio ya kupitishia ishara) na seli za saratani. Zinazipelekea ishara zile zile zinazopelekeana zenyewe, na ishara hizo huukuza uvimbe. Kwa kazi hiyo Monje na Winkler walipewa tuzo ya The Brain Prize mwaka 2025. Sasa hata dawa ya kifafa, perampaneli, inajaribiwa kwa wagonjwa ili kuona kama kuzima mazungumzo hayo kutapunguza kasi ya uvimbe.

Mishipa ile mizima isiyovujisha dawa ya picha huzuia pia dawa za tiba. Kuta za mishipa ya ubongo zimebanana kiasi kwamba dawa nyingi za saratani hubaki kwenye damu. Temozolomidi, iliyobuniwa na kundi la Malcolm Stevens katika Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, ni molekuli ndogo inayopenya. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 573: waliopewa mionzi pamoja na dawa hiyo waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.6, na wa mionzi pekee miezi 12.1. Miezi miwili na nusu. Kinachonivutia zaidi ni tarakimu nyingine: waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26.5, dhidi ya 10.4. Dawa ileile, wengine inawafaa sana na wengine haiwafai.

Sababu mojawapo iko ndani ya seli. Temozolomidi huharibu DNA, na protini iitwayo MGMT huikarabati. Kwa wagonjwa ambao jeni ya protini hiyo imezimwa, uharibifu haukarabatiwi, seli hufa, na dawa huonekana kufanya kazi.

Tangu hapo uvimbe ukaanza kutambuliwa kwa jeni zake, pamoja na sura yake kwenye hadubini. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba uvimbe wa baadhi ya wagonjwa, hasa vijana, una kasoro katika jeni ya IDH1. Kasoro hiyo hukifanya kimeng'enya chake kitoe kemikali inayozuia seli kukomaa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani haliiti uvimbe huo wa watu wazima glioblastoma tena. Ni ugonjwa mwingine, wa polepole zaidi. Uamuzi wa busara, ingawa unamdai daktari vipimo vya jeni ambavyo maabara nyingi za Afrika hazina.

Faida ya kuutambua uvimbe kwa jeni zake imeonekana. Kidonge cha vorasidenibu, kinachokizuia kimeng'enya hicho chenye kasoro, kiliidhinishwa Marekani Agosti 2024. Katika jaribio lake, kwa waliokitumia, uvimbe ulikaa kwa wastani wa kati miezi 27.7 kabla ya kukua tena au mgonjwa kufariki. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, miezi 11.1. Muda huo humwezesha mgonjwa kuahirisha mionzi, ambayo huweza kudhoofisha kumbukumbu miaka ya baadaye. Kama dawa inarefusha na maisha yenyewe, jaribio hilo litachelewa kujibu: wagonjwa wa aina hii huishi miaka mingi, na wa kidonge kitupu waliruhusiwa kuhamia dawa halisi mara uvimbe ulipoanza kukua.