Subira ya Spika: Neno Lifike Safi Hadi Safu ya Mwisho

Mtu asimamaye ukingoni mwa mkono mmojawapo wa mto Rufiji, kule unakogawanyika ndani ya mikoko kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi, akimtazama fundi wa mashua ng'ambo akipigilia misumari ubavuni mwa chombo, huiona nyundo ikishuka kimya, na mlio ukamfikia fundi akiwa ameshaiinua tena; kwani sauti haina mbio za nuru, na katika joto la pwani, la nyuzi 30 hivi, hukata kadiri ya mita 350 kwa sekunde moja.

Jambo hilo ndilo asili ya dhiki iwapatayo wasikilizaji wengi katika hadhara zetu, iwe ni maulidi, sala ya Idi uwanjani au mkutano wa wananchi, tangu Kibiti mjini hadi Nyamisati na vijiji vya delta. Waandaaji, kwa nia njema kabisa, hufunga spika mbili jukwaani na mbili katikati ya uwanja, wakidhani kwamba spika zikizidi, na maneno yatazidi kusikika. Lakini umeme hupita wayani mara moja, hata spika zote zikatamka neno kwa wakati mmoja, ilhali hewa haina haraka hiyo. Mathalani mama aliyeketi mita 50 kutoka jukwaani, na mita 10 kutoka spika za katikati, hufikiwa na sauti ya karibu baada ya sehemu 29 za elfu za sekunde, na ile ya jukwaani baada ya sehemu 143. Tofauti ni sehemu 114. Na kwa kuwa msemaji hutamka silabi tano au zaidi kwa sekunde, silabi iliyokwisha kupita hurudi kuifunika inayofuata, na khatibu mwenye ufasaha akasikika kama anayebabaika.

Hapo aghalabu fundi mitambo huamriwa aongeze sauti, naye akiongeza, huongeza vurugu tu. Dawa ni kuzichelewesha spika za katikati, kwa kile mafundi wakiitacho dilei, ambacho mikisa (mitambo ya kuchanganyia sauti) nyingi za kidijitali zinacho. Fundi hupima kwa utepe umbali kati ya spika za mbele na za katikati, akaugawanya kwa mwendo wa sauti: mita 40 kwa 350 ni zile sehemu 114 za elfu. Kisha huongeza sehemu kumi au kumi na tano, ili sauti ya jukwaani itangulie kidogo, na spika za katikati akazielekeza nyuma, zisiwarudie waketio mbele.

Nyongeza hiyo si ya kubahatisha. Mwaka 1949 Helmut Haas, katika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, alibainisha kwamba sauti ileile ikifika mara mbili kwa mpishano mfupi, masikio huziunganisha kuwa moja, na huihesabu iliyotangulia kuwa ndiyo chimbuko, hata ya pili ikiizidi nguvu kwa kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, P. H. Parkin na J. H. Taylor waliitumia kanuni hiyo katika kanisa kuu la St Paul's, London, kwa gurudumu la sumaku lililonasa maneno na kuyatoa kwa spika za mbali baada ya kitambo. Kazi iliyohitaji mtambo huo wote, leo hufanywa kwa kubonyeza vitufe.

Kilichosalia ni kuisikiliza kazi yenyewe. Mtu agonge vijiti viwili mbele ya maikrofoni, na fundi asimame nyuma ya spika za katikati: akisikia mlio mmoja, tena ukitoka jukwaani, hesabu imetimia, akisikia miwili, arudi kwenye mikisa.

Waketio nyuma ni akina nani? Mara nyingi ni akina mama, na ni wale waliotoka delta, ambao safari yao hufuata maji kujaa na kupwa, wakawasili nafasi za mbele zimekwisha. Hao nao wameacha kazi zao waje wasikilize, na haki yao ya kulipata neno ni sawasawa na ya mgeni rasmi. Basi kila kamati ya maandalizi, kabla haijafikiria kukodi spika nyingine, na impe fundi saa moja ya utulivu uwanjani, mkekani hajaketi mtu, apime, ahesabu, asikilize.