Vyakula vya Tamasha Mpanda: Ladha ya Katavi, Usalama wa Mlaji

Tamasha la muziki mjini Mpanda halikamiliki bila chakula. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mabanda ya mama lishe na baba lishe huandaa wali wa mpunga wa Mpimbwe, ugali kwa migebuka ya Ziwa Tanganyika kutoka Karema na Ikola, pamoja na asali ya Mlele.

Hata hivyo, chakula kilichopikwa vyema mchana chaweza kumdhuru mlaji usiku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, kwa kuwa vimelea huongezeka haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60. Wali uliopoa huhitaji uangalifu zaidi: baadhi ya bakteria hustahimili kuchemshwa, na sumu inayotokana nao haiondolewi kwa kupasha moto tena.

Hivyo, mlaji achague banda lenye chakula cha moto kilichofunikwa na maji tiririka yenye sabuni. Mpishi naye apike kidogo kidogo kadiri wateja wanavyofika. Atapunguza hasara na kulinda jina la biashara yake.