Uto wa Mzazi na Mguu Uliovimba

Mama na dada zetu, mzazi katika nyumba nyingi za Waislamu, tangu Mombasa hata Bura, hukandwa kwa uto vuguvugu mpaka atimize siku 40. Wahindi nao, katika tiba yao ya Ayurveda, humkanda mzazi kwa uto wa ufuta. Mkando mwema hulegeza misuli na kuleta usingizi. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe kamwe: huenda damu imeganda mshipani, na donge likisukumwa laweza kufika mapafuni, likaua. Tumbo lililopasuliwa nalo lisiguswe mpaka kidonda kipone. Mguu ukivimba hivyo, homa ikipanda au damu ikizidi, mzazi apelekwe hospitali Voi upesi. Afya ni amana, tuichunge.