Vijidudu Wanaosafisha Maji: Neno Linapotuponza

Majuzi niliwasomea wanafunzi wangu wa jioni, hapa Changamwe, tafsiri niliyoiandaa kuhusu maji taka ya viwandani. Nilikuwa nimeandika: "Vijidudu hula uchafu ulio majini." Mama mmoja afanyaye kazi ya usafi akainua mkono: "Mwalimu, kama ni vijidudu, si tuwamwagie Jik wafe?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana kosa lilikuwa langu.

Tuanze na maji yenyewe. Miritini, mwendo mfupi kwa matatu kutoka hapa, magari yamekuwa yakiunganishwa tangu miaka ya 1970. Popote magari yanapoundwa, kwa kawaida bodi huoshwa grisi, hutiwa kemikali za fosfeti, kisha hupakwa rangi. Maji yanayobaki huwa na mafuta, rangi na metali kama zinki. Mafuta huenguliwa kwanza. Metali hugandishwa kwa chokaa zikatuama, kwa kuwa bakteria hawawezi kuzimaliza kwa kuzila, na zikizidi huwaua. Masalia ya sabuni na rangi yaliyoyeyuka ndiyo chakula chao. Tangi hupulizwa hewa, nao wakala, wakazaana, wakashikamana kuwa tope. Tope likituama, maji ya juu hutoka yakiwa safi zaidi, na sehemu ya tope hurudishwa tangini kuendeleza kazi. Mbinu hii ilitangazwa na Ardern na Lockett, huko Manchester, mwaka 1914.

Sasa turudi kwenye neno. "Kijidudu" ni udogo wa mdudu, na kampeni za afya zimetuzoesha kumwona kuwa adui: nawa mikono, ua vijidudu. Kwa hivyo swali la yule mama lilikuwa na mantiki kamili. Lakini klorini nyingi ikimwagwa tangini, wafanyakazi hao wasioonekana hufa, na uchafu huendelea na safari yake hadi baharini, kwa wavuvi wetu.

Nikamwuliza, "Mama, ukiumua unga wa vitumbua, hamira unaimwagia Jik?"

"A-a! Hautaumuka, Mwalimu."

"Na ukibakisha chachu ya jana?"

"Si naichanganya na unga wa leo."

"Basi tope linalorudishwa tangini ni chachu ya jana."

Akatikisa kichwa, akaandika.

Tangu siku hiyo nimelifuta neno "vijidudu" katika tafsiri ile, nikaweka "vijiumbe". Wanaoleta ugonjwa waitwe vijidudu vya maradhi, wabaki na sifa yao mbaya. Tope nalo naliita "tope hai". Wenzangu watapendekeza "tope amilifu", na kitaaluma hawakosei. Lakini mwenye kushika ndoo kando ya tangi ataelewa "hai" mara moja, na kilicho hai hakimwagiwi sumu ovyo.

Istilahi ya sayansi haitoshi kuwa sahihi kwenye kamusi. Tuipime pia kwa mkono wa anayeisoma: itamfanya atende nini?