Chipukizi wa Mpira wa Vikapu Wasiachwe Njiani

Mwezi uliopita tulikuwa wageni wa dada yetu katika mtaa wa Fedha, Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi. Baada ya swala ya Alasiri tuliketi barazani na mwanawe, barobaro wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne. Shuleni alikuwa nguzo ya timu ya mpira wa vikapu. Sasa amepokewa na klabu ya wakubwa, na tangu apokewe hajaondoka benchi.

"Mjomba," alitwambia, "nataka kuacha. Kule nilikuwa mtu. Huku kazi yangu ni kubeba maji."

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha kijana mmoja. Shule humpa chipukizi kiwanja, kocha, chakula, saa maalumu ya mazoezi na wenzake wa rika moja. Akimaliza mtihani wa mwisho, yote hayo hukatika kwa siku moja. Klabuni huwakuta watu wa miaka 25 na 30, wenye miili iliyokomaa na hesabu ya mchezo vichwani. Sheria ni zile zile, dakika 40 za mchezo na sekunde 24 za kurusha mpira, lakini kosa lililosamehewa shuleni huku huadhibiwa papo hapo.

Mama naye ana wasiwasi wake. Wakubwa hufanya mazoezi jioni watokapo kazini. Maghribi huingia, nauli ya matatu yahitajika, na njia ya kurudi ni ya giza. Akisema "acha", hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo, kuacha si dawa. Mwaka 2021 timu ya taifa iliifunga Angola 74 kwa 73 mjini Yaoundé, kikapu cha Tylor Ongwae kikaingia mwishoni kabisa, na Kenya ikarudi katika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Vikapu ya Afrika. Wachezaji wa namna hiyo hawakuzuka wakiwa watu wazima. Kila mmoja alivuka daraja hili hili.

Daraja hujengwa na wengi. Kocha wa klabu awaite wanafunzi wafanye mazoezi na wakubwa mara moja kwa wiki wangali shuleni, na awape dakika chache mchezo unapokuwa umekwisha kuamuliwa. Kila chipukizi apewe mchezaji mkubwa mmoja awe mlezi wake. Mzazi naye aende kiwanjani mwenyewe, aulize mazoezi huisha saa ngapi, kijana hurudi na nani, na atapewa nafasi ya kuswali. Mwenye alama za kutosha atazame pia vyuo vikuu: Strathmore na USIU, kwa mfano, vina timu zinazoshiriki ligi, na huko elimu na mchezo hukaa chini ya paa moja.

Mabinti zetu wasisahauliwe. Tangu Oktoba 2017, FIBA, shirikisho la dunia, limeruhusu kufunika kichwa mchezoni. Binti asiambiwe tena kuwa hijabu yake ndiyo kizuizi. Na sisi wa Mombasa, tulio na timu ya wanawake ya KPA inayojulikana barani, hatuna udhuru.

Tulimwambia mpwa wetu: "Usiondoke kabla hujamuuliza kocha unakosa nini." Aliuliza. Akajibiwa kwamba anafunga vizuri ila hajui kuzuia, jambo ambalo shuleni hakuna aliyemwambia. Mchezaji mmoja mkubwa akaazi jirani, Tassia, akajitolea kurudi naye kila jioni, na dada yetu akatulia.

Juma hili ametupigia simu. Amecheza dakika nne. Hakufunga hata pointi moja, lakini aliyemkaba naye hakufunga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kombe. Subira haikatazi mtu kuuliza, na mvuta mbili huja ikamvutia moja yenye heri.

Wabillahi tawfiq.