Mashudu ya Pamba: Chakula cha Kuku Chenye Masharti

Didia ni sehemu ya Shinyanga, mkoa wa pamba. Kwa hiyo mama anayefuga kuku ili apate fedha za daftari na sare za watoto huyaona mashudu ya pamba kuwa nafuu kuliko dagaa wa Ziwa Victoria. Huyachanganya na pumba za mahindi, akaridhika.

Ni kweli kwamba mashudu hayo yana protini nyingi. Lakini mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo huyanasa madini ya chuma mwilini mwa kuku. Ikizidi, vifaranga hupungukiwa damu na kudumaa. Kwa kuku wa mayai, hasara huonekana jikoni kwa mnunuzi: yai likikaa siku kadhaa, kiini chake huweza kugeuka kijani au kahawia. Mnunuzi huyo harudi tena.

Isitoshe, protini ya mashudu ina upungufu wa laisini, kirutubisho cha kujenga mwili, ambacho dagaa wanacho kwa wingi.

Basi tufanyeje? Vifaranga na kuku wa mayai wapewe mashudu ya alizeti, yasiyo na gosipoli, pamoja na dagaa. Watagao waongezewe chokaa ya mifugo, maganda ya mayai yapate kuwa magumu. Mashudu ya pamba yawe kidogo tu, kwa kuku wakubwa wa nyama. Na chakula chenye ukungu kitupwe, kwani huenda kina sumukuvu.

Anayetazama bei ya gunia peke yake, salio atalilipa bandani.